Majira ya Baridi na Barua ya Shule

1. Baridi ya nchi za kaskazini

Sisi tukaao karibu na ikweta twahesabu mwaka kwa mvua na kiangazi, kwa masika na vuli, kwa kusi na kaskazi. Twajua pia kipupwe, yaani majira ya ubaridi ya miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati wazee wajifunikapo mablanketi na kuota moto jioni. Walakini baridi yetu, hata katika milima ya Njombe na Makete, ni ndogo ikilinganishwa na baridi ya nchi za kaskazini, kama vile Kanada, Urusi, Ufini na sehemu kubwa ya Marekani. Huko baridi ni majira makubwa ya mwaka, nayo hushika miezi mitatu au zaidi. Watu hujiwekea nguo, kuni na mafuta kabla haijafika, kama msafiri ajiwekeavyo masurufu ya njiani.

Sababu yake ni hii. Dunia huzunguka jua kwa muda wa mwaka mmoja, lakini haikusimama wima katika safari yake. Imeinama kadiri ya digrii 23 na nusu. Katika mwezi wa Desemba upande wa kaskazini huwa umeinama kuliacha jua. Basi miale ya jua hufika kwa mshazari, haina nguvu ya kuipasha nchi joto, na tena mchana huwa mfupi. Mjini London, mwishoni mwa Desemba, jua hutoka baada ya saa 2 asubuhi na kutua kabla ya saa 10 alasiri. Watoto wengi huenda shule alfajiri ingali giza, na wakichelewa kidogo jioni hurudi gizani.

Maji huganda kuwa barafu kipimo kikifika digrii 0. Katika mji wa Winnipeg, nchi ya Kanada, usiku wa mwezi wa Januari kwa kawaida kipimo hushuka hata digrii 20 chini ya sifuri. Mito huganda, maziwa huganda, na theluji hufunika njia na mashamba. Na upepo ukivuma juu ya baridi ya namna hiyo, huzidi kuuondolea mwili joto lake, kama tupuliziavyo uji ili upoe upesi.

Basi mtu aweza kuuliza: Mzazi wa huko hupataje kuwa na moyo mtulivu, mtoto wake akiwa njiani katika baridi kama hiyo? Jibu lake ni kwamba moyo wake hutulia kwa sababu ya habari. Shule humwambia mapema yapasayo kufanywa, naye huiambia shule hali ya mtoto wake. Desturi hii haikuanza bure. Watu waliifahamu thamani yake baada ya kuona hasara kubwa, kama tutakavyosoma sasa.

2. Asubuhi iliyodanganya

Twasema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Lakini ilikuwako asubuhi moja iliyowadanganya watu maelfu. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 12 Januari 1888, katika nyanda pana za katikati ya Marekani: Nebraska, Dakota, Minnesota na Iowa. Nyanda zile hazina milima wala misitu ya kuukinga upepo. Watu waliokaa huko walikuwa wakulima, wengi wao wageni waliotoka Norway, Sweden na Ujerumani. Nyumba zilikuwa mbali mbali, na shule nyingi zilikuwa za chumba kimoja na mwalimu mmoja, mara nyingi msichana asiyetimiza miaka 20.

Kwa siku nyingi baridi ilikuwa kali mno, hata watoto wengi walikuwa wamezuiwa nyumbani. Asubuhi ile hewa ilikuwa ya uvuguvugu, na watu wakafurahi. Watoto wakaenda shule, na wengine wakaacha makoti mazito nyumbani. Wanaume wakatoka kwenda kuwatazama ng'ombe wao na kuchukua majani makavu.

Mara upande wa kaskazini-magharibi likaonekana wingu jeusi, mfano wa ukuta utembeao juu ya nchi. Upepo ukageuka ghafula, na kipimo cha joto kikashuka kwa upesi wa ajabu. Theluji iliyokuja haikuwa matone laini yaangukayo polepole, bali vumbi jembamba kama unga, lililojaa macho, pua na kinywa. Mtu hakuweza kuuona mkono wake mwenyewe aunyoshapo mbele. Watu walipotea kati ya nyumba na zizi la ng'ombe, mahali walipozoea kupita kila siku.

Saa ile ilikuwa saa ya watoto kuwa shuleni au njiani kurudi kwao, na hilo ndilo lililozidisha msiba. Kila mwalimu alilazimika kukata shauri peke yake: Nikae nao hapa, na kuni zatuishia? Au nitoke nao, na njia haionekani? Katika bonde la Mira, huko Nebraska, mwalimu Minnie Freeman aliona upepo ukiling'oa paa la shule yake. Hapakuwa na shauri lingine. Akawatoa wanafunzi wake, zaidi ya kumi, akawaongoza katika tufani mpaka nyumba ya jirani, na wote wakafika wakiwa hai. Yasimuliwa kwamba aliwaunganisha kwa kamba ili asipotee hata mmoja. Mwalimu mwingine katika jimbo lile lile alitoka na watoto watatu kwenda nyumba isiyokuwa mbali, akaikosa. Walilala nje usiku kucha. Watoto wote watatu wakafa, na mwalimu mwenyewe akapona, lakini miguu yake ilikatwa kwa sababu iliharibiwa na baridi.

Wote waliokufa katika tufani ile wakadiriwa kuwa watu 235, na wengi wao walikuwa watoto. Ndiyo sababu Wamarekani waliipa jina la tufani ya watoto wa shule.

3. Habari isiyofika

Je, hapakuwa na mtu ajuaye kwamba baridi yaja? Walikuwako. Tangu mwaka 1870 kikosi kimoja cha jeshi la Marekani kilikuwa na kazi ya kupima upepo, joto na mvua mahali pengi, na kupelekeana habari kwa simu ya waya. Kutokana na habari hizo walitabiri hali ya kesho. Ikiwa baridi kali yatazamiwa, bendera nyeupe yenye mraba mweusi katikati ilipandishwa juu ya mlingoti mjini, ili watu waione na kujilinda.

Shauri hili lilikuwa jema, lakini lilikuwa na upungufu mkubwa. Bendera huonwa na wakaao karibu nayo tu. Mkulima aliye mwendo wa saa tatu kutoka mjini hakuiona, wala mwalimu wa shule ya uwandani hakuiona. Tena waliotabiri wenyewe hawakuufahamu vema ukali wa tufani ile wala upesi wake. Hivyo ujuzi ulikuwako, ila ulikwama njiani kabla ya kuwafikia wenye kuuhitaji. Mwaka 1891 kazi ile iliondolewa jeshini ikawekwa chini ya idara ya kilimo, na baadaye simu za mdomo na redio zikaenea hata mashambani.

Walakini msiba haukukoma mara moja. Tarehe 26 Machi 1931, katika jimbo la Colorado, watoto 20 walipandishwa gari la shule ili warudishwe nyumbani, tufani ikiwa imekwisha kuanza. Gari lilipotea njia, likakwama. Walikaa ndani yake zaidi ya siku nzima. Dereva alitoka kwenda kutafuta msaada, akafa uwandani. Na watoto watano wakafa pia. Kwa habari hizi watu walijifunza neno ambalo hata leo walishika sana: Mtoto asitolewe mahali pa salama na kutiwa katika tufani kwa sababu tu saa ya kurudi nyumbani imefika. Na mzazi apate kujua mapema kwamba mtoto wake amebaki shuleni, ili yeye naye asitoke kumtafuta akapotea.

4. Barua ya majira ya baridi

Leo, kabla ya baridi kufika, shule nyingi za sekondari katika nchi zile hupeleka barua kwa kila jamaa ya mwanafunzi. Nyingine huipeleka kwa karatasi, nyingine kwa simu, na nyingi hufanya yote mawili. Pengine mtasema kwamba mwanafunzi wa sekondari ni mkubwa, ajua kujitunza. Kweli ni mkubwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hatari zake ni nyingine. Mtoto mdogo hushikwa mkono na mama yake. Kijana wa miaka 15 huenda peke yake, hurudi jioni baada ya michezo, huona haya kuvaa kofia mbele ya wenzake, na huthubutu kupita juu ya barafu ili asifiwe. Tena akiulizwa nyumbani, "Mwalimu amesema nini?" hujibu, "Hakusema neno." Basi barua husema mahali pa yule anyamazaye.

Barua nzuri ina mambo manne: afya, usalama wa njiani, kufungwa kwa shule, na sherehe na mikutano.

Jambo la kwanza ni afya. Watu wengi hudhani kwamba mafua makali ya influenza huletwa na baridi yenyewe. Sivyo. Huletwa na virusi, viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vitokavyo kwa mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au akisema. Lakini majira ya baridi huvisaidia virusi hivyo, maana watu hukaa pamoja katika vyumba vilivyofungwa, na hewa ya baridi iliyo kavu hurefusha maisha yao. Kwa hiyo barua huwaambia wazazi mambo machache yaliyo wazi: mtoto anawe mikono kwa sabuni, akohoe ndani ya kitambaa au kiwiko cha mkono, madirisha ya darasa yafunguliwe kwa vipindi, na wanaoshauriwa na waganga kuchanjwa wachanjwe kila mwaka, kwa kuwa virusi vya influenza hubadilika-badilika.

Tena barua husema lini mtoto akae nyumbani. Mwenye homa asije shule mpaka homa imwache. Na kwa ugonjwa wa kutapika na kuhara, ambao huenea sana wakati wa baridi, shule za Uingereza hutaka mtoto akae nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu alipotapika au kuhara mara ya mwisho. Mzazi asiyeijua amri hii humrudisha mtoto siku ya pili kwa nia njema, kumbe amepeleka ugonjwa kwa wenzake wote.

Jambo la pili ni usalama wa njiani. Mwili wa mtu una joto la digrii 37 hivi. Likishuka chini ya digrii 35, mtu yu hatarini. Hutetemeka sana, husema maneno yasiyoshikamana, hulegea, hutamani kulala. Na huenda kutetemeka kukakoma, nayo si dalili ya kupona bali ya hatari kuzidi. Mtu huyo apelekwe mahali pa joto, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe, na msaada uitwe upesi. Viungo vilivyo mbali na moyo, yaani vidole, masikio na pua, vyaweza kuganda kabisa. Ngozi hupauka na kuwa ngumu, na mtu hasikii kitu. Zamani watu walivisugua kwa theluji. Leo twajua kwamba kufanya hivyo ni kuviharibu zaidi. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, si moto, kwa sababu kiungo kilichokufa ganzi chaweza kuungua na mwenyewe asijue.

Kwa hiyo barua hueleza nguo: nguo nyembamba kadha zilizopandana zashinda nguo moja nene, maana hewa ikaayo katikati yake hushika joto, nguo iliyolowa ibadilishwe, kofia na glavu visisahauliwe. Hueleza pia habari ya barafu. Barafu ya ziwa yaonekana ngumu kama sakafu, lakini unene wake si sawa kila mahali, hasa mahali maji yapitapo chini. Mwenzako akitumbukia, usimkimbilie, la sivyo mtatumbukia wawili. Ita watu, lala kifudifudi, umnyoshee ngazi, kamba au tawi.

Jambo la tatu ni kufungwa kwa shule. Hapa barua haina budi kujibu maswali haya waziwazi: Nani akata shauri la kufunga? Habari itatolewa saa ngapi? Itatolewa kwa njia gani? Na ikiwa tufani itaanza watoto wakiwa shuleni, watakaa wapi, na nani ana ruhusa ya kuja kuwachukua? Zamani wazazi walipigiana simu kwa zamu: mkuu wa shule aliwaambia watu wawili, kila mmoja akawaambia wawili wengine, na kwa muda mfupi habari ikawafikia wote. Wengine walisikiliza redio alfajiri, majina ya shule zilizofungwa yakisomwa moja moja. Siku hizi habari hupelekwa kwa simu ya mkononi kwa wazazi wote kwa mara moja. Njia zimebadilika, ila kanuni ni ile ile: mzazi ajue kabla hajamfungulia mtoto mlango.

Jambo la nne ni sherehe na mikutano. Majira ya baridi si ya huzuni tupu. Kuna nyimbo za Krismasi, michezo ya ndani ya jumba, mashindano ya kuteleza juu ya barafu, mitihani, na mikutano ya wazazi na walimu. Barua hutaja siku, saa na mahali, na jambo moja zaidi lisahauliwalo na wengi: ikiwa theluji itazuia, sherehe itafanywa lini? Kwa kulisema neno hilo mapema, shule humwondolea mzazi kishawishi cha kuendesha gari katika tufani asije akaikosa siku ya mtoto wake kuimba.

5. Muuaji asiye na harufu

Katika barua za namna hii kuna onyo moja ambalo latupasa sisi sote, hata wakaao mahali pasipo theluji. Ni onyo juu ya moto wa ndani ya nyumba. Makaa, kuni, mafuta ya taa na petroli vikiungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Mtu akiivuta huingia katika damu na kushikamana nayo kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Damu ikisha kushikwa hivyo, haiwezi tena kupeleka oksijeni katika ubongo na moyo.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu. Tazameni ujanja wake: mtu hudhani ni mafua au uchovu, akalala, na akilala, hana wa kumwamsha. Ikiwa watu kadha wa nyumba moja waumwa kichwa kwa wakati mmoja, nao wapata nafuu wakitoka nje, shuku gesi hii mara moja. Tokeni wote nje, fungueni milango, mkamwite mganga.

Katika nchi za baridi watu wengi hutundika ukutani chombo kidogo kipigacho kelele gesi hiyo ikizidi. Nyumba zetu nyingi hazina chombo hicho. Lakini kanuni yake yaweza kushikwa na kila mtu bila fedha: Jiko la makaa lisilale ndani pamoja na watu. Likiisha kupika, litolewe nje. Wala msidanganyike kwa kuona makaa mekundu yasiyotoa moshi, mkadhani yamekwisha kuwa salama. Wakati huo pia gesi hutoka.

6. Jinsi ya kupeleka habari

Kuandika barua ya shule si kazi nyepesi. Barua ndefu mno haisomwi, na barua fupi mno haifundishi. Mwandishi mwenye busara huweka mbele lile lililo kubwa, hutumia maneno yajulikanayo na kila mtu, na hutaja siku na saa kwa tarakimu. Haogopeshi watu bure, maana anayepiga yowe kila siku hasikilizwi siku ya moto. Wala hafichi hatari kwa kuona haya. Tena hutaja mtu wa kuulizwa, kwa kuwa habari njema huenda na kurudi kama mtumbwi wa kuvusha watu: wazazi nao wana la kuiambia shule. Nani ana pumu? Nani hutembea mbali? Nani hana koti? Shule haiwezi kumsaidia mtoto ambaye shida yake haikutajwa.

Iko habari ya lugha pia. Katika jimbo la Iowa, mojawapo ya majimbo yaliyopigwa na tufani ya mwaka 1888, leo wanakaa watu wengi waliotoka Kongo, wasemao Kiswahili. Wengi wao hawakuona theluji kabla ya kufika huko. Mama aliyezaliwa karibu na Ziwa Tanganyika atajuaje kwamba masikio ya mtoto yaweza kuganda, ikiwa barua imeandikwa kwa lugha asiyoifahamu? Kwa sababu hiyo, mahali kadha katika Marekani shule hufasiri barua zao kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine. Ni jambo la haki, maana baridi haiulizi mtu asema lugha gani.

7. Kwetu sisi

Huenda mmoja wenu akasema, "Habari hizi ni za mbali, kwetu hakuna theluji." Na tutazame. Katika uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, usiku wa miezi ya Juni hata Agosti sakitu hushika majani, na asubuhi nchi huonekana nyeupe. Huko Njombe, Mbeya, Lushoto na Limuru wanafunzi wa shule za bweni huamka katika ukungu na ubaridi. Katika miezi hiyo kikohozi huzidi, vitanda husogezwa karibu, madirisha hufungwa, na pengine mtu mmoja hutamani kuingiza jiko la makaa chumbani. Basi mambo yote manne ya barua ile yatufaa sisi pia: nguo nzito, mgonjwa kupumzishwa, njia ya salama, na siku za mikutano kujulikana mapema.

Lakini barua haina miguu. Kwetu, mara nyingi, mwenye kuipeleka ni mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu huiandika kwa uangalifu, huitia sahihi, humkabidhi mtoto. Naye huikunja, huitia mfukoni, akaenda kucheza mpira. Siku ya tatu barua imelowa, na siku ya saba imesahauliwa. Mzazi hakuja mkutanoni, blanketi halikuletwa, na mwalimu amemdhania mzazi kuwa mtu asiyejali, kumbe hakuambiwa. Kosa halikuwa la mwalimu wala la mzazi. Kumbukeni ile bendera nyeupe yenye mraba mweusi: nayo ilitundikwa kwa nia njema, lakini haikufika kwa waliokuwa mbali. Barua iliyobaki mfukoni ni bendera isiyopandishwa.

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi, maana kazi yake ni ya heshima. Nawe ukipewa barua ya shule, u mjumbe. Itie katika daftari isikunjike. Ufikapo nyumbani, amkia wazee wako, kisha uwape barua kabla hujaketi kula. Ikiwa bibi hasomi, msomee polepole, neno kwa neno, usiruke lile linalokuhusu wewe. Wakitoa jibu, lirudishe kesho asubuhi kama walivyolisema. Kazi hiyo yaonekana ndogo, na pengine hakuna atakayekusifu kwa ajili yake. Lakini watoto wengi wa mwaka 1888 wangalirudi kwao salama, kama angalikuwako mtu wa kuwafikishia neno moja kwa wakati wake. Tahadhari ni kabla ya hatari.

Maswali

1. Kwa nini mchana wa Desemba ni mfupi katika nchi za kaskazini?
2. Watoto wa Nebraska walidanganywa na nini asubuhi ya tarehe 12 Januari 1888?
3. Bendera ya onyo ilikuwa na upungufu gani?
4. Taja mambo manne yapasayo kuwamo katika barua ya majira ya baridi.
5. Kwa nini haifai kulala chumbani pamoja na jiko la makaa, hata kama halitoi moshi?
6. Andika barua fupi kwa wazazi wa shule yako juu ya majira ya ubaridi. Taja siku, saa, na mtu wa kuulizwa.